Kabla ya Kufukia Bomba



Wachimba visima wanalijua jambo ambalo sisi tunaokaa juu ya ardhi hatulitilii maanani. Anayechimba Makete mwezi wa Julai, asubuhi ambayo sakitu imelala juu ya nyasi, akishuka kimo cha watu wawili huvua koti. Anayechimba Dodoma mwezi wa Novemba, jua la utosi, akishuka kimo hicho hicho hupata ubaridi unaomfanya asiharakie kupandishwa. Wote wawili wameingia mahali ambapo msimu wa huko juu haujafika, au umefika ukiwa hoi.

Sababu yake inajulikana vizuri. Joto la mchana likipiga udongo huzama, lakini huzama polepole mno. Kabla halijafika nusu mita, usiku umeshaingia, na ubaridi wa usiku unalifuata kwa nyuma na kulimaliza. Kwa hiyo udongo wa nusu mita chini hautofautishi mchana na usiku. Misimu ina nguvu zaidi kwa kuwa hudumu miezi, nayo hushuka mita kadhaa. Katika udongo wa kawaida, kwenye kina cha mita 2 na nusu hivi, tofauti kati ya miezi ya joto na miezi ya baridi imebaki kama theluthi moja tu ya ile ya juu, tena imechelewa: joto la mwezi mkali kuliko yote hufika huko baada ya miezi kama miwili. Ukishuka mita 10, kipimajoto kinasimama mahali pamoja tangu Januari hadi Desemba. Namba unayoisoma hapo inakaribiana na wastani wa joto la hewa la mahali hapo kwa mwaka mzima, mara nyingi ikizidi kidogo.

Naomba mlishike neno hilo, wastani wa mwaka, maana mazungumzo yetu yote ya leo yanauzunguka huo.

Nimeletewa swali na wasikilizaji kadhaa walioona video kwenye simu zao. Mtu anachimba mtaro mrefu kando ya nyumba, analaza bomba la plastiki, anafukia, ncha moja inatokeza bustanini na nyingine sebuleni, kisha anasema amepata kiyoyozi kisichotumia umeme. Swali ni hili: je, ni kweli, na je, nami nichimbe? Nitasema mapema ninaposimama. Jambo lenyewe ni la kweli, ni la zamani, na ninalipenda kwa dhati. Lakini kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, kulifanya ni kufukia fedha. Mahali pake katika nchi zetu ni kwingine, na ni mahali ambapo watu wachache wanapafikiria.

Tuanzie Italia, karibu na mji wa Vicenza, penye kijiji kinachoitwa Costozza. Nyuma ya kijiji kuna vilima vilivyochimbwa mapango tangu zamani, watu wakitafuta mawe ya kujengea. Ndani ya mapango hayo hewa hukaa karibu na nyuzi 12 mwaka mzima, hata majira ya joto ambapo nje watu wanatweta kwenye nyuzi 30 na zaidi. Katika karne ya 16 ukoo wa matajiri ulioitwa Trento ulijenga majumba yake chini ya vilima hivyo na kuchimba njia za chini kwa chini kutoka mapangoni hadi kwenye majumba. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto. Basi ilikuwa inateremka yenyewe kwenye njia hizo, inaingia chumba cha chini cha nyumba, na kupanda sebuleni kupitia matundu yaliyochongwa kwenye marumaru ya sakafu. Hapakuwa na mashine wala mtumwa wa kupepea. Msanifu majengo mashuhuri Andrea Palladio alivutiwa sana, akaitaja kazi hiyo katika vitabu vyake vinne vya usanifu vilivyochapishwa Venice mwaka 1570.

Kisa cha Costozza kina upande wa pili, nao haufai kuachwa. Galileo Galilei, mwanasayansi yule yule wa darubini na nyota, alipokuwa akifundisha Padua alikwenda siku moja ya joto na rafiki zake wawili kupumzika katika nyumba ya namna hiyo. Walilala mchana huku hewa ya pangoni ikiwavumia. Vincenzo Viviani, mwanafunzi wake wa mwisho aliyeandika maisha ya mwalimu wake, anasimulia kwamba mmoja wa wale rafiki alikufa, wa pili akapoteza usikivu wa masikio na hakuishi muda mrefu, na Galileo mwenyewe akabaki na maumivu ya viungo yaliyomsumbua hadi uzeeni. Watu wa wakati ule walilaumu ubaridi. Fundi wa leo angeuliza kwanza: ile hewa ilipita wapi, ililala juu ya nini, na ilibeba nini hadi puani mwa watu waliolala? Tutalirudia swali hilo, kwa sababu kila bomba linalofukiwa leo linapaswa kulijibu.

Sasa twende Marekani, magharibi mwa jimbo la Nebraska, penye mji mdogo uitwao Alliance. Nchi ile ni tambarare ya upepo, na majira ya baridi kipimajoto hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Huko mkulima Russ Finch, aliyekuwa pia akipeleka barua za posta hadi alipostaafu, alijenga banda la kuoteshea mimea na ndani yake akapanda machungwa, malimau, tini na zabibu. Sakafu ya banda imechimbwa ikashuka chini ya usawa wa ardhi. Paa linaloangaza limeelekea kusini, kwa maana huko ndiko jua lao la baridi linakotokea. Mabomba ya plastiki, yale ya bei ndogo ya kutolea maji mashambani, yamelazwa kwenye kina cha futi 8, yaani kama mita 2 na nusu, huko udongo unakokaa kwenye nyuzi 11. Feni inavuta hewa ya bandani, inaizungusha ardhini na kuirudisha. Ndani hakugandi, na miti ya machungwa haihitaji zaidi ya hapo.

Tazameni kwa makini kwa nini Nebraska imefanikiwa. Hewa ya nje ina nyuzi 20 chini ya sifuri, na udongo una nyuzi 11 juu ya sifuri. Pengo ni nyuzi 31. Halafu majira ya joto yanageuka, nje nyuzi 33, chini bado nyuzi 11 au zaidi kidogo, na pengo ni kubwa tena kwa upande wa pili. Mwaka wa Nebraska unayumba vibaya sana, na udongo unampa mkulima katikati ya kuyumba huko. Ujerumani nako ni vivyo hivyo. Nyumba ya kwanza ya aina ya Passivhaus, yaani nyumba inayotumia nishati kidogo sana, iliyojengwa Darmstadt mwaka 1991 chini ya mtaalamu Wolfgang Feist, ilipitisha hewa yake mbichi kwenye mabomba ya ardhini kabla ya kuiingiza ndani, hasa ili asubuhi za barafu mitambo ya hewa isigande. Nawe msikilizaji unayetusikia kutoka Minnesota, Toronto au Stockholm, uko upande huo huo wa mizani: kwako bomba linafaa miezi ya baridi na linafaa tena miezi ya joto.

Nataka tupige hesabu moja, na ningependa mwenye kalamu aiandike. Mtu mmoja anahitaji kama mita 30 za ujazo za hewa safi kila saa. Familia ya watu watano, basi, ni mita 150. Hewa hiyo yote ina uzito wa kilo 180 hivi, na kila ukiipoza au kuipasha kwa nyuzi moja, umehamisha joto la wati 50. Hesabu yote ndiyo hiyo: nyuzi moja, wati 50. Kwa pengo la Nebraska, kama bomba linafaulu kubadilisha hewa kwa nyuzi 28, familia inapata wati 1,400, na feni iliyofanya kazi hiyo haikula zaidi ya wati 30. Ni faida kubwa sana kwa umeme kidogo.

Sasa ihamishe hesabu hiyo Dar es Salaam. Wastani wa joto la mwaka ni kama nyuzi 26. Udongo wa mita 2 na nusu, basi, unakaa kwenye 27 hivi, na ukiwa wazi juani unazidi. Mchana wa Februari nje kuna nyuzi 32. Bomba zuri, refu, lililolazwa na fundi hodari, litakuletea hewa ya nyuzi 28. Umepunguza nyuzi 4. Mara 50, ni wati 200. Mtu mzima aliyekaa kimya kitini anatoa kama wati 100 za joto la mwili wake. Wakiingia wageni wawili kukusalimu, wameshaimaliza kazi ya bomba lako lote. Kiyoyozi kidogo cha BTU 12,000, ambacho watu wanakifunga kwenye chumba kimoja cha kulala, kinaondoa wati 3,500.

Tena kuna jambo ambalo video hazilionyeshi, nalo ni usiku. Usiku wa Julai Dar es Salaam hewa ya nje inashuka hadi nyuzi 20, na hata usiku wa Februari inafika 25. Udongo umebaki pale pale kwenye 27. Ukiliacha bomba wazi usiku, linaipasha joto hewa unayoivuta kitandani. Umelipa mtaro, bomba na feni ili upate joto ambalo dirisha lingekuondolea bure.

Vilevile bomba halikaushi hewa. Wakazi wa pwani mnajua kinachowachosha: joto lenyewe ni nusu, nusu ya pili ni unyevu unaozuia jasho kukauka. Kiyoyozi kinatoa maji, ndiyo maana kina kile kipira kinachodondosha nje. Bomba la ardhini la Dar es Salaam haliwi baridi kiasi cha kuyatoa maji hewani. Linapokea hewa yenye unyevu, linaipoza nyuzi chache, na kwa kupozwa huko unyevu wake unapanda kufika asilimia 80 na kupita. Hewa ya namna hiyo ikikaa kwenye bomba la giza wiki nzima, kuvu hustawi.

Nawaambia haya kwa uchungu, maana najua kinachomfanya mtu wa Mbagala au wa Likoni aitazame ile video mara tatu. Bili ya umeme imemkaba, watoto hawalali, naye anatafuta njia. Njia ipo, ila iko juu ya kichwa chake. Saa sita mchana jua letu linamwaga karibu wati 900 au 1,000 kwenye kila mita ya mraba iliyolielekea. Paa la mita 100 za mraba linapigwa na wati 90,000. Mabati yaliyopata kutu au yaliyopakwa rangi ya giza yanachemka hadi nyuzi 60, na yanakuwa jiko lililowashwa juu ya dari. Huwezi kushindana na wati 90,000 kwa bomba la wati 200. Paka bati rangi nyeupe. Weka dari, na juu ya dari weka kitu cha kuzuia joto, hata kama ni kwa awamu. Acha matundu ya hewa chini ya kingo za paa ili joto la darini litoke. Ongeza upana wa kingo hizo ukuta usipigwe na jua. Fungua madirisha mawili yanayoelekeana, moja likipokea kaskazi au kusi kulingana na miezi, na lingine likitoa. Fedha ya mtaro mmoja inalipia sehemu kubwa ya orodha hiyo. Wazee wa Lamu na Unguja waliojenga kuta nene za mawe ya matumbawe na vyumba vyembamba vyenye dari ndefu hawakuchimba njia za hewa chini ya ardhi, ingawa kuchimba walijua. Walishaona kwamba kwao msaada unatoka baharini.

Muscat ni habari tofauti kidogo, na nina wasikilizaji huko. Udongo wao una joto, nyuzi 30 hivi, lakini mchana wao wa Juni unapita 40. Pengo la nyuzi 10 ni wati 500 kwa familia yetu ile ya watu watano. Bomba haliwezi kuchukua nafasi ya kiyoyozi huko, ila linaweza kukipunguzia mzigo wa hewa mbichi.

Tupande sasa bara. Hapa nataka nimlete mchwa, kwa sababu kila kitabu cha majengo yanayojipoza chenyewe kinamtaja. Mwaka 1996 Harare lilifunguliwa jengo la Eastgate, kazi ya msanifu Mick Pearce. Linavuta hewa ya usiku kwa feni, linaipitisha kwenye sakafu nene za zege, zege linapoa, na kesho yake mchana sakafu hizo zinapokea joto la watu na la jua. Halikufungwa viyoyozi vya kawaida. Ilisemwa kwamba jengo limeiga kichuguu, ambacho wengi waliamini kinajipoza kwa kupitisha hewa kwenye matundu yake. Baadaye mtafiti J. Scott Turner na mwenzake Rupert Soar walivipima vichuguu vya Namibia, na mwaka 2008 wakaandika walichokikuta: joto la kiota cha mchwa linafuata joto la udongo unaokizunguka, linapanda nao na kushuka nao kwa misimu. Kile kilima kirefu juu kinasaidia mchwa kupumua. Inayowatunzia joto ni ardhi yenyewe, kwa kuwa kiota kiko chini.

Kwa hiyo Eastgate liliiga kitu ambacho mchwa hakifanyi, na bado likafanikiwa! Limefanikiwa kwa sababu Harare, kama Dodoma, kama Tabora, kama Iringa, ina usiku wenye ubaridi. Na hili ni la kuzingatiwa sana na watu wa kanda ya kati. Dodoma mwezi wa Novemba mchana unafika nyuzi 31 au 32, na udongo wa chini una 25 hivi. Bomba litakupunguzia nyuzi 5 au 6, si haba. Lakini usiku huo huo hewa ya nje imeshuka hadi nyuzi 19 au 20. Hewa ya usiku ya Dodoma ina ubaridi kuliko udongo wa Dodoma! Mwenye kuta nene za tofali la udongo, akiruhusu usiku uingie na kuzipoza, kisha akafunga nyumba saa mbili asubuhi kabla jua halijashika kasi, amepata faida zaidi ya mwenye bomba. Wagogo walikuwa na tembe, nyumba fupi yenye paa bapa lililofunikwa udongo mzito, na udongo huo ulilichelewesha joto la mchana hadi usiku ulipofika. Tulipobadilisha paa lile kwa bati tulipata paa lisilovuja, jambo kubwa kwa familia yoyote, lakini tulipoteza uzito uliokuwa unatukinga, na hatukuweka kingine badala yake.

Mtu ataniambia: usiku siwezi kufungua, kuna mbu na kuna wezi. Ana haki kabisa. Basi fedha ya mtaro iende kwenye matundu ya ukutani yenye nondo na wavu wa mbu, moja chini upande wa upepo na moja juu upande wa pili, ambayo mwizi hapiti na mbu hapiti, na yanabaki wazi hadi alfajiri.

Nilisema bomba lina mahali pake kwetu. Ni nyanda za baridi: Makete, Njombe, Mbulu, Lushoto juu, Limuru, Molo, Nyandarua, Kabale, na vilima vya Rwanda na Burundi. Chukua Njombe. Wastani wa mwaka ni kama nyuzi 16 au 17. Usiku wa Julai unashuka hadi 7, mahali pengine chini zaidi. Hapo una pengo la nyuzi 9 au 10, na bomba linaweza kukupatia wati 400 kwa feni ya wati 30 inayoendeshwa na paneli ndogo ya jua na betri yake. Nyuzi 15 hazimfanyi mtu avue sweta, ni kweli. Lakini fikirini kinachotokea kwenye nyumba zile usiku. Familia inafunga kila tundu, inaziba chini ya mlango kwa nguo, na inaingiza jiko la mkaa ndani. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Kila msimu wa baridi tunazisoma habari za familia zilizokutwa asubuhi hazina uhai, na kila mara tunasema wangefungua dirisha. Nani anafungua dirisha watoto wakilala, na nje kuna nyuzi 6?

Hapo ndipo ninapoliona bomba la ardhini likifanya kazi ambayo dirisha haliwezi kuifanya. Linaingiza hewa mbichi ambayo haimtetemeshi mtoto. Mzazi hana tena sababu ya kuziba nyumba. Na niseme kwa sauti ya juu ili asije mtu akanielewa vibaya: bomba halimruhusu mtu kulala na jiko la mkaa. Jiko linabaki nje. Bomba linaondoa sababu ya kuziba, basi, na blanketi, dari nzuri na kuta nene zinafanya kazi iliyobaki. Mfugaji wa vifaranga naye ana tatizo hilo hilo bandani, kwa sababu vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 au zaidi na wakati huo huo wanahitaji hewa iondoe harufu kali ya kinyesi. Hewa inayoingia na nyuzi 15 badala ya 7 inampunguzia mkaa kila usiku.

Wairaqw wa Mbulu walilifahamu hili bila bomba. Walijenga nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa mlima, paa la udongo likilingana na mteremko. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kujificha wasionekane na wavamizi wa ng'ombe, lakini kwenye nyanda za baridi vile, nyumba iliyozungukwa na ardhi pande tatu ilikuwa inakaa karibu na wastani wa mwaka wake saa zote.

Kwa atakayechimba, hizi ndizo kanuni za kazi. Bomba la PVC la inchi 6 linatosha familia, na urefu wa mita 30 hadi 40 kwenye kina cha mita 2 au 2 na nusu ndio unaoipa hewa muda wa kulingana na udongo. Udongo wa mfinyanzi wenye unyevu unapitisha joto vizuri, mchanga mkavu unapitisha vibaya. Ukiliendesha bomba mfululizo siku nyingi udongo uliolizunguka unachoka, unafuata joto la hewa yako, kwa hiyo lipe saa za kupumzika. Lazima bomba liwe na mteremko, sentimita moja au mbili kwa kila mita, likielekea kwenye shimo dogo la kukusanyia maji ambalo unaweza kulifikia na kulitoa. Bomba lililolala bapa litashika maji mahali fulani katikati, na kuanzia siku hiyo nyumba inavuta hewa iliyopita juu ya maji yaliyooza. Mabomba mengi yaliyofukiwa Marekani baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973 yaliishia hivyo, hasa kwenye majimbo yenye unyevu mwingi. Lilaze likiwa limenyooka ili brashi ipite kulisafisha. Ncha ya nje iinuke zaidi ya mita moja kutoka ardhini, iwe mbali na choo, shimo la maji taka na zizi, iwe na kofia ya kuzuia mvua, wavu mgumu wa kuzuia panya na nyoka, na wavu laini wa mbu. Maungio yote yabanwe kwa gundi na mpira yasipitishe kitu.

Maungio hayo yana sababu ya pili iliyo kubwa kuliko maji. Mwamba wenye urani hutoa gesi iitwayo radoni, na radoni ikivutwa miaka mingi huleta saratani ya mapafu. Bahi, mkoani Dodoma, ni sehemu inayojulikana kuwa na urani, na Mrima Hill huko Kwale ina mionzi ya asili iliyo juu. Anayeishi sehemu za namna hiyo asivute hewa ya nyumba yake kupitia ardhini kabla ardhi hiyo haijapimwa. Bomba lililopasuka linanyonya hewa ya udongo na kuimimina chumbani.

Na kabla ya kununua hata mita moja ya bomba, fanya jaribio lisilo na gharama. Chimba kishimo chembamba cha mita 2 kwa koleo la nguzo, tumbukiza chupa ya maji iliyofungwa kamba, ziba mdomo wa shimo kwa gunia na udongo, na kesho yake pandisha chupa upime maji mara moja kwa kipimajoto. Fanya hivyo mwezi wako wa baridi kuliko yote na tena mwezi wa joto kuliko yote, na kila mara pima pia hewa ya nje, alfajiri na saa nane mchana. Zidisha pengo mara wati 50. Kama pengo halifiki nyuzi 8 katika saa zinazokutesa, fedha hiyo ipeleke kwenye paa. Kama linafika, mwite mchimbaji, na mwambie aje na mbao za kushikiza kuta za mtaro, maana mtaro wa mita 2 na nusu usioshikizwa unaporomoka bila kutoa dalili, na udongo wa mita moja ya ujazo una uzito wa tani moja na nusu. Mtu yeyote asishuke humo kabla mbao hazijasimama.